Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni



Wahenga wetu walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kila mmoja wetu ameliona jambo hilo kwa macho yake. Ukinunua kuku sokoni na kumleta nyumbani, wamfunga kamba kwenye mti au kwenye mguu wa meza, asije akapotelea vichakani akitafuta alikotoka. Siku kadhaa zapita, kamba yafunguliwa, naye ahesabiwa kuwa wa hapo. Methali hiyo twaitumia kumsema mtu yeyote aliye mgeni mahali: atatambulikana tu, na hana budi kuvumilia.

Lakini hebu tuitazame kwa upande wa pili. Kamba imefungwa mguuni mwa nani? Mwa mgeni. Yule mwenyeji anayemdonoa kichwani tangu asubuhi hadi jioni hana kamba yoyote, anatembea atakavyo. Je, hiyo ni haki, au ni mazoea tu? Na mwenye banda ana wajibu gani kati ya hao wawili? Swali hili nimelifikiria kwa muda mrefu, kwa sababu katika mwaka mmoja nililijibu vibaya mara mbili, bandani na ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nianze na banda.

Katika mji wetu, kama ilivyo katika miji mingi ya hapa Kakamega, kuku ni wa mama. Ng'ombe akiuzwa, baba ndiye huenda mnadani; kuku akiuzwa, mama hufunga pesa kwenye pindo la leso yake na hakuna amwulizaye ni ngapi. Wakati huo mke wangu alikuwa na mitetea tisa na jogoo mmoja, wote wa kienyeji, naye aliwajua kila mmoja kwa tabia yake. Mkubwa wao alikuwa kishingo mmoja mweusi, asiye na unyoya hata mmoja shingoni. Hakuna kuku aliyethubutu kula kabla yake.

Jumamosi moja nilikuwa na pesa kidogo, nikapita sokoni nikanunua tembe wanane wa umri wa miezi mitatu hivi. Nilitaka kumfurahisha mke wangu kwa ghafla, kwa hiyo sikumwuliza wala sikumwambia. Mzee mmoja pale sokoni alikuwa amenishauri kwamba dawa ya kuku wageni ni kuwaingiza usiku, wenyeji wakiwa wamekwisha lala. Asubuhi, alisema, wataamka wote pamoja wakidhani wamezaliwa pamoja. Nikafanya hivyo. Niliwapachika mmoja mmoja gizani juu ya miti ya kulalia, nikafunga mlango, nikaenda kulala nikiwa nimejipongeza. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tuliondoka mapema kwenda kanisani, na banda nikaliacha limefungwa ili nipate kumwonyesha mke wangu zawadi yake tukirudi.

Tuliporudi saa saba mchana tembe mmoja alikuwa amekufa, amedonolewa kichwani mpaka mfupa ukaonekana. Mwingine alikuwa amepoteza jicho. Wa tatu alikuwa anavuja damu mgongoni, na waliosalia walikuwa wamerundikana nyuma ya kiota, mmoja juu ya mwenzake, bila chakula wala maji. Kishingo alikuwa ametulia juu ya mti wa kulalia kama hakimu.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliniuliza neno moja tu: "Baba watoto, banda hili ni la nani?"

Nami kwa aibu nikajibu, "Ndivyo kuku walivyo, mama."

Nataka tulipime jibu hilo, maana twalitumia mara nyingi, na si kwa kuku peke yao. Kwanza, ni kweli. Kuku ndivyo walivyo. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewachunguza kuku tangu utoto wake, alieleza mwaka wa 1921 kwamba katika kundi la kuku kila mmoja anajua nani anaweza kumdonoa na nani yeye aweza kumdonoa. Wa juu huwadonoa wote, na wa chini kabisa hudonolewa na wote. Ngazi hiyo ikisha kujulikana, kundi hutulia. Mkubwa akimtazama mdogo tu, mdogo hupisha, na hakuna haja ya kupigana kila siku. Sasa akiingia mgeni, hana nafasi kwenye ngazi. Kila mwenyeji ni lazima apimane naye upya, na kila mmoja anahofu kushushwa. Kwa hiyo kishingo wetu hakuwa mwovu. Alikuwa anailinda nafasi yake kwenye chakula na kwenye kiota, na zaidi ya hapo banda lilikuwa limefungwa, mgeni hakuwa na pa kukimbilia. Laiti tembe yule angalikuwa uwanjani angalikimbia hatua kumi, na mambo yangaliishia hapo.

Basi kuku hatendi dhambi. Hana akili ya kuchagua. Lakini mimi niliyefunga mlango ni kuku? Mimi nilikuwa na ufunguo mfukoni. Mtu akisema ndivyo walivyo, huwa anaeleza tabia ya kuku, na wakati huo huo anajitoa yeye mwenyewe kwenye hesabu. Mimi nilijitoa kwa maneno matatu.

Mara ya pili mke wangu ndiye aliyeshika usukani, nami nikawa mtumwa wa kubeba maji. Nitaeleza alivyofanya, kwa kuwa najua wengi wenu mna kuku nyumbani na mtapenda kujua.

Aliwatoa wale saba akawaweka katika jiko letu kuukuu, mbali na banda. Alisema hapo ndipo walipopaswa kuanzia tangu siku ya kwanza, na wakae majuma matatu au manne. Kuku wa sokoni aweza kuwa na ugonjwa ambao haujajitokeza, na kuku wakubwa nao waweza kubeba vijidudu ambavyo wao wamekwisha kuvizoea lakini vyaweza kumwua mdogo. Wote walichanjwa kideri, maana chanjo hiyo hukinga aliye mzima, haimponyi aliyekwisha kuugua. Tulitafuta utitiri na chawa chini ya mabawa. Kila siku tuliwahudumia wenyeji kwanza, halafu wageni, na baadaye tukanawa mikono na kusafisha viatu. Wale wenye vidonda waliwekwa peke yao hadi vidonda vikakauka. Kuku akiona damu huifuata na kuidonoa, hata kama ni damu ya mwenzake aliyelala naye jana, na kundi zima laweza kujifunza tabia hiyo kwa siku moja.

Baada ya hapo alinituma nikate banda kwa wavu wa waya. Wageni upande huu, wenyeji upande huu. Wanaonana, wanasikilizana, lakini mdomo haufiki. Siku za kwanza kishingo alikuwa anapigana na wavu wenyewe. Siku ya tano alikuwa anapita bila kuutazama. Tuliuacha wavu majuma mawili kamili, ingawa mimi nilitaka kuutoa baada ya moja.

Halafu chakula. Hapa nilijifunza jambo ambalo sikulijua. Chakula cha kuku wanaotaga kina chokaa nyingi, kama asilimia tatu na nusu hadi nne, kwa ajili ya maganda ya mayai. Tembe ambaye bado hajataga akila hicho kila siku, figo zake zaweza kuharibika. Kwa hiyo wote walipewa chakula cha kuku wanaokua, na mitetea wakawekewa maganda ya mayai yaliyopondwa katika chombo cha pembeni. Anayehitaji alikula, asiyehitaji aliyaacha. Vyombo vya chakula vilikuwa vitatu na vya maji viwili, navyo havikuwekwa mahali pamoja. Kikiwa kimoja, kuku mkubwa mmoja akisimama mbele yake amekwisha kuwafungia wote. Tena aliegemeza mbao ukutani na kulaza kikapu kikuukuu chenye tundu dogo, ili mdogo apate pa kujificha ambapo mkubwa hapiti. Banda letu ni la mita nne za mraba, linawatosha kuku kumi na sita au zaidi kidogo, ila kwa sharti kwamba mchana wanatoka nje.

Wavu ulipotolewa, ulitolewa alasiri, kuku wakiwa nje uwanjani, na wote saba wakaingia pamoja. Usimwingize kuku mmoja peke yake. Madonoo ambayo yangegawanywa kwa saba yote yatamwangukia yeye. Siku hiyo palikuwa na vita vidogo vidogo, nami niliinuka kila mara nikitaka kuamua. Mke wangu alinikataza. Alisema ukiwatenganisha kila wakidonoana, kesho wataanza upya, na hawatamaliza kamwe. Ngoja uone damu. Damu ikitoka, usingoje hata dakika moja.

Siku ya tatu ikatoka, na aliyeitoa ni kishingo. Nilidhani mke wangu atamwondoa tembe aliyeumia. Alimwondoa, ndiyo, akampaka dawa. Lakini alimwondoa kishingo pia, akamfungia jikoni siku nne. Alimfunga kamba mguuni! Aliporudishwa, yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Ngazi ilikuwa imepangwa bila yeye, na ilimbidi ajitafutie nafasi kama wengine. Tangu siku hiyo hakumtoa kuku mwingine damu. Jogoo, niseme ukweli wake pia, hakuwagusa tembe hata siku moja, na mara nyingine aliingia katikati ya mitetea wakigombana. Mke wangu alisema hiyo ndiyo kazi ya jogoo, akanitazama.

Alikuwa na sababu ya kunitazama. Sasa nifike ndani ya nyumba.

Miezi minne kabla ya mambo hayo ya kuku, ndugu yangu mkubwa alifariki. Mkewe alikuwa amemtangulia. Waliacha watoto wawili, mvulana wa miaka kumi na mitatu na msichana wa miaka saba. Baada ya maziko wazee wa ukoo waliketi, na kabla hawajamaliza kuuliza, mimi nilisimama nikasema, "Nitawachukua." Watu walinisifu. Mke wangu wakati huo alikuwa nyuma ya nyumba pamoja na kina mama wakipakua chakula, naye alipata habari hiyo kutoka kwa shemeji yake aliyekwenda kuchukua sahani. Hakukataa. Ni mtu mwema, na angekubali hata kama ningemwuliza, lakini sikumwuliza. Mabwana, naomba tukae hapo kidogo, maana najua si mimi peke yangu. Twafanya jambo jema hadharani, na mzigo wake twamwachia mtu ambaye hakuwako tulipokuwa twasifiwa. Vyakula viwili zaidi, nguo mbili zaidi za kufua, usingizi unaokatizwa na mtoto anayemlilia mama yake usiku. Je, tendo jema lililotolewa kwa nguvu za mwingine bila ridhaa yake ni jema la nani?

Basi niliwaleta jioni. Sisi tuna watoto wanne, na mkubwa wetu ni mvulana aliyekuwa na miaka kumi na minne. Wakati wa chakula nilisema, "Hawa ni ndugu zenu kuanzia leo. Sitaki kusikia maneno." Mvulana nikamlaza kitanda kimoja na mkubwa wangu, msichana nikamlaza na binti zetu. Nikaamini nimemaliza. Kwa kifupi, niliwaingiza usiku nikafunga mlango.

Madonoo yalianza juma hilo hilo. Meza yetu ina viti vinne vya watoto na taa moja ya sola, kwa hiyo mvulana yule alifanya kazi yake ya shule akiwa amesimama, kwenye mwanga wa mwisho. Mboga ilimfikia ikiwa ni mchuzi. Daftari lake moja lilipatikana chooni. Niliyaona mengine, mengine niliambiwa. Kila mara nilijibu kwamba wataelewana wenyewe, kwamba hata mimi nililelewa katika nyumba yenye watoto wengi na hakuna aliyenionea huruma, na leo ni mtu mzima mwenye afya. Tena nilijiona mwenye haki, kwa kuwa nilikuwa nawagawia wote sawasawa. Sufuria moja, taa moja, sheria moja. Sikuwaza kwamba chombo kimoja cha chakula, hata kikijaa hadi ukingoni, si chakula sawa kwa aliye mkubwa na aliye mdogo. Wa kwangu walikuwa wamejua tangu kuzaliwa mahali pa kukaa na wakati wa kunyosha mkono. Wale wawili hata kijiko hawakujua kinawekwa wapi.

Ndipo nilipotaka kurekebisha, nami nikaharibu zaidi. Ninyi mnaoijua desturi ya Waluhya mnajua firigisi ya kuku ni ya nani. Ni ya baba mwenye mji, na baba akipenda humpa mgeni wa heshima. Jumapili moja tulichinja jogoo mchanga. Mke wangu akaniwekea firigisi, nami mbele ya wote nikaiinua nikaiweka kwenye sahani ya mtoto wa ndugu yangu. Nilidhani natenda kama Mkristo. Mkubwa wangu aliweka ugali wake chini, akaondoka mezani. Yule mvulana hakuila firigisi. Aliitazama tu mpaka ikapoa. Usiku huo, kitandani, mkubwa wangu alimwambia maneno ambayo nitayafupisha: kwamba hapa si kwao, na kwamba awafuate wazazi wake walikokwenda.

Asubuhi mvulana hakuwako. Alikuwa ameondoka kabla ya kupambazuka, kwa miguu, kwenda kwa nyanya yake mzaa mama, mwendo wa zaidi ya kilomita kumi na mbili, na dada yake amemwacha kwetu. Tulimtafuta mpaka saa nane mchana. Saa hizo sitawaeleza. Mwenye mtoto anazijua bila kuambiwa.

Jioni ile, baada ya kupata habari kwamba yuko salama, mke wangu aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Baba watoto, kuku tuliwawekea wavu majuma mawili. Watoto hawa uliwapa usiku mmoja." Halafu akasema, "Na mimi uliniambia lini?"

Nilikuwa na majibu mengi siku nyingine. Siku hiyo sikuwa nayo.

Tulizungumza mpaka usiku wa manane, na jambo ambalo tulibishana sana ni hili hili la kuingilia kati. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeogopa, sasa nilitaka kuwa askari: kila neno baya liadhibiwe. Mke wangu alikataa. Alisema mtoto anayetetewa na baba kila saa huchukiwa kila saa, na baba akitoka tu nyumbani atalipishwa. Ni kweli. Kitabu cha Mwanzo chatueleza habari za Yosefu na lile vazi alilopewa na baba yake, na ndugu zake walivyomtenda kwa sababu yake. Yakobo alimpenda sana, naye akamfanya aonekane kwa mbali. Firigisi yangu ilikuwa vazi la Yosefu.

Lakini kutoingilia kabisa nako tulikuwa tumekuona matunda yake. Basi mpaka ni wapi? Mke wangu alinikumbusha neno lake: ngoja uone damu. Nikamwuliza, kwa binadamu damu ni nini? Hapo tulikaa kimya wote wawili, na tangu usiku ule nimeendelea kulitafuta jibu. Naona hivi. Mtoto akimwambia mwenzake umefagia vibaya, au ondoka kwenye kiti changu, hilo ni donoo. Linauma, nalo lina mwisho, na mdogo aweza kujifunza kujibu. Lakini akimgusa katika jambo ambalo hawezi kulibadilisha, kwamba hana wazazi, kwamba chakula anachokula si chake, kwamba hana kwao, hiyo ni damu. Chakula, kitanda, shule, na makaburi ya wazazi wake havichezewi. Hapo mzazi asingoje hata dakika moja, na asiseme ndivyo watoto walivyo.

Na aondolewe nani? Hili nalo ni swali zito. Twazoea kumwondoa aliyeumizwa: mpeleke kwa nyanya, mpeleke shule ya bweni, apate amani. Huko ni kumfunga kamba yule yule. Sisi tulimwambia mkubwa wetu kwamba likizo hiyo atakwenda yeye, akakae kwa mjomba wake majuma mawili. Sikumpeleka kwa hasira. Kabla hajaenda niliketi naye, na kwa mara ya kwanza nilimwuliza jambo ambalo nilipaswa kumwuliza kabla ya ndugu zake kuja: ameonaje, kugawana kitanda chake bila kuulizwa? Alilia, mvulana mkubwa yule. Alisema alidhani nimempata mtoto bora kuliko yeye. Mimi nilikuwa sijui kwamba yeye naye alikuwa anadonolewa, na mdonoaji nilikuwa mimi.

Hapa ndipo mfano wa kuku unapofika mwisho wake, na ni vizuri kusema hivyo, nisije nikaonekana nafundisha kwamba nyumba ni banda. Kuku huridhika ngazi ikipangwa. Wa chini akijua yeye ni wa chini, anakula baadaye na analala kwenye mti wa chini, na hakuna ubaya. Mtoto wa mtu hawezi kuachwa aridhike na mti wa chini. Akionekana ametulia, huenda amekata tamaa tu. Kwa hiyo utulivu wa nyumba si ushahidi. Yafaa tuwaogope kidogo watoto wasiolalamika kamwe. Hata sheria yetu ya nchi, ile Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, haimruhusu mtu kumbagua mtoto. Na hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 uitwao Amoris Laetitia, aliwataja watoto wasio na wazazi miongoni mwa wale ambao ukoo mpana wapaswa kuwapenda na kuwategemeza. Nilikuwa nimewasomea watu maneno hayo siku nyingi kabla sijaulizwa na mke wangu nilimwambia lini.

Mengine tuliyoyafanya yalikuwa madogo. Fundi alitutengenezea kitanda cha pili, na kila mvulana akawa na upande wake na sanduku lake lenye kufuli. Tulinunua taa ya pili ya sola tukaiweka chumba kingine. Vyombo viwili, mahali pawili. Mke wangu alianza kuwapakulia watoto kwa zamu, leo huyu ni wa kwanza, kesho yule, na zamu ikaandikwa kwa chaki nyuma ya mlango. Mimi nilianza kwenda shambani na watoto wawili wawili badala ya wote, nikiwachanganya. Mvulana alikaa kwa nyanya yake majuma matatu, na tulikwenda kumtembelea mara mbili kabla ya kumwomba arudi. Nasema kumwomba. Nyanya yake alisema mtoto ataamua mwenyewe, nasi tukakubali. Alirudi Jumamosi, mchana, watu wote wakiwa macho, na dada yake alimkimbilia njiani.

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo walikuwa kama chanda na pete. Yeye na mkubwa wangu walipigana tena, mara moja kwa ngumi. Hata leo hawazungumzi mengi. Lakini mkubwa wangu alipovunjika mkono akicheza kandanda, aliyeandika kazi yake ya shule kwa miezi miwili alikuwa ni huyo huyo, na hakuna mtu aliyemtuma.

Sasa amemaliza kidato cha nne, anajifunza kuchomelea vyuma mjini, na Jumamosi huja nyumbani. Firigisi sasa mke wangu huikata vipande, na mimi hupata kimoja. Wazee wenzangu wakisikia hucheka. Wacha wacheke.

Juma lililopita mke wangu aliniambia anafikiria kununua tembe sita mwezi ujao, akaniuliza mimi naonaje. Nilikwenda kulitazama banda kwanza. Wavu ule wa zamani umeoza upande wa chini, paka aweza kupita. Nikamwambia tungoje Jumamosi, kijana akija na vyuma vyake tuutengeneze, ndipo tununue.